Kichwa ikigongwa, tabia nayo inaweza kuumia

Mu Goma mtu akianguka na moto, yaani pikipiki, watu wakikusanyika pale wanaangalia kwanza kama damu inatoka, kisha kama ameamka. Akiamka, akapangusa vumbi na kuanza kutafuta simu yake, basi wanasema asante Mungu na kila mtu anaendelea na njia yake. Kwa mguu hiyo inaweza kutosha, lakini kwa kichwa haitoshi hata kidogo, ju mambo mabaya ya kichwa mara nyingi yanatokea ndani, kwenye jicho halifiki, na mengine yanaonekana miezi baadaye wakati watu wote wamesha sahau ile ajali.

Ubongo wa mtu mzima unapima karibu kilo 1.4, ni laini kama foromaji ya Masisi kabla haijakauka, umefunikwa na ngozi tatu nyembamba na unaelea mu maji kidogo ndani ya mfupa. Sasa moto ikigonga jiwe la volkano pale njia ya Ndosho, kichwa kinasimama ghafla lakini ubongo unaendelea kwenda, unagonga mfupa wa mbele, unarudi unagonga wa nyuma, na pale juu ya macho mfupa wa ndani hauko laini, una makali makali, njo maana sehemu ya mbele na zile za pembeni karibu na masikio zinaumia kuliko zingine hata kama inje hakuna kidonda.

Hatari ya kwanza ni damu ya ndani. Mtu anagongwa pembeni ya kichwa, juu kidogo ya sikio, mfupa pale ni mwembamba na chini yake kuna mshipa wa damu, ukipasuka damu inajikusanya kati ya mfupa na ubongo. Anaweza kuzimia kidogo, akaamka, akasema vizuri, akakula hata, kisha baada ya saa chache kichwa kinauma zaidi na zaidi, anatapika, usingizi unamshika, jicho moja mboni yake inakuwa kubwa kuliko ya pili. Huyo asiachwe alale eti amechoka. Ni opitali mbio mbio, skaneri, na pengine wamfungue kichwa usiku uleule, ju hiyo damu ikitolewa mapema mara nyingi mtu anapona.

Na kaske, ile kofia ngumu ya moto, jamani. Watafiti walikusanya masomo mengi ya nchi mbalimbali wakaona kwamba kwa wanaopanda moto kaske inapunguza kuumia kichwa kwa karibu 69% na kufa kwa karibu 42%. Wamama wanasema inaharibu nywele, wengine inanuka, ninawaelewa, lakini mteja wa nyuma naye ana kichwa, na kaske isiyofungwa kamba chini ya kidevu inaruka kabla ya wewe kufika chini.

Turudi ndani. Nyuma kabisa ya ubongo njo kuona, kwa hiyo mtu anaweza kugongwa kisogo akapoteza kuona wakati macho yenyewe ni mazima. Pembeni kuna kusikia na kukumbuka. Ubongo mdogo, ule wa chini nyuma, unashika mizani ya mwili, na shina la ubongo linaongoza pumzi na moyo. Upande wa kushoto unaongoza mkono na mguu wa kuume, na kwa watu wengi lugha pia: mwaka 1861, Paris, dokta Paul Broca alionyesha ubongo wa mgonjwa aliyekuwa anaelewa watu vizuri lakini yeye alikuwa anaweza kusema karibu paka neno moja, "tan". Kwa hiyo mtu akitoka mu ajali maneno yanamkatalia, msimsemee mbele yake kama vile hasikii, mara nyingi anasikia yote.

Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, njo iliniingia moyoni. Pale tunapangia mambo, tunajizuia, tunameza neno baya kabla halijatoka. Mwaka 1848, kule Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli jina lake Phineas Gage, miaka 25, alikuwa anashindilia baruti mu jiwe, ikalipuka, na chuma cha urefu wa mita 1 na zaidi, kilo 6, kikaingia chini ya shavu la kushoto kikatokea juu ya kichwa. Hakufa. Alikuwa anaongea siku ileile. Lakini dokta wake, John Harlow, aliandika kwamba yule mtu wa mipango na wa kuaminika aligeuka mwenye matusi, kigeugeu, hata marafiki wakasema huyu si Gage tena.

Niliposoma hiyo nilimuona yaya yangu, kaka yangu mkubwa. Alikuwa motari, mpole, mtu wa kuhesabu feza yake kila jioni. Alipoumia kichwa, alitoka opitali anatembea mwenyewe, mifupa yote mizima. Kisha kasirani ikaanza, kelele ya watoto kidogo tu anapasua sahani, anaanza kuosha moto anaiacha katikati, anamtukana mama mkwe wake mbele ya wageni halafu haoni kama kuna kitu amefanya. Majirani: "Ni pepo." Wengine: "Anakunywa kwa siri." Bibi yake alikuwa analia: "Shemeji, huyu haiko bwana yangu." Wakampeleka mu chumba cha maombi, wakamfungisha chakula ili pepo itoke. Mimi nasali, sikatai maombi, lakini ubongo ni karibu 2% tu ya uzito wa mwili na unakula karibu 20% ya nguvu yake, sasa mtu ambaye ubongo wake uko unajitengeneza unamnyima ugali? Hapo nilikataa kabisa na bado nakataa.

Ilimsaidia nini? Usingizi, saa zilezile kila siku, kumpa kazi moja moja, karatasi ukutani ya kumkumbusha, pombe hapana, moto hapana paka dokta akubali. Akipandisha kasirani shemeji anatoka inje na watoto, anarudia yale maneno wakati ametulia. Hata Gage, miaka ya baadaye alienda Chile akaendesha gari la farasi, na kuna wataalamu wanaoona kwamba ile kazi ya kila siku ya namna moja njo ilimrudisha kiasi. Yaya hajarudi mzima mzima, lakini anahesabu tena feza yake.

Kitu kingine familia ziangalie ni kifafa, kinaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya kichwa kuumia. Gage mwenyewe alikufa 1860 baada ya kushikwa hivyo mara kwa mara, ile wakati dawa za leo hazikuwako. Mtu akianguka, msimwekee kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu, ondoeni vitu vikali karibu yake, mlazeni kwa ubavu, muangalie saa, ikipita dakika 5 mkimbizeni opitali. Na akipewa dawa za kifafa asiziache ju anajisikia mzima, zinapunguzwa polepole, na dokta njo anasema lini.