Mbata ilivyonisaidia kutafsiri "inherent"

Natafsiri hati za bima za mizigo kwa ofisi moja hapa Posta, kwa ajili ya wateja wanaotaka kuzisoma kwa Kiswahili kabla ya kutia saini. Maneno mengi yana njia yake iliyokwishapitwa. "Inherent vice" halikuwa nayo. Limo katika kifungu cha 55 cha Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya 1906, na mpaka leo hati nyingi zinalibeba: hasara inayotokana na mali yenyewe kampuni ya bima hailipi.

Kamusi hukupa "-a asili". Tamko la Haki za Binadamu la 1948 nalo lina "heshima ya asili", na pale limekaa vizuri. Lakini mwandikie mfanyabiashara "kasoro ya asili" uone. Anakumbuka majanga ya asili anayoyasikia redioni kila masika, mafuriko na tufani, mambo yanayokuja kutoka nje. Ni kinyume kabisa cha kinachokusudiwa.

Aliyenifungua ni mzee mmoja wa Kariakoo anayeleta mbata, nazi iliyokaushwa, kutoka Mafia. Aliweka kidole kwenye mstari ule.

"Mwanangu, hiki ndicho nini?"

"Mzee wangu, mbata ikipakiwa haijakauka sawasawa, inakuwaje?"

"Inachemka. Ingiza mkono katikati ya gunia, utautoa mbio. Ikizidi inashika moto."

"Na nani kaichoma?"

"Achome nani? Joto limo humo humo."

Nikaandika palepale: "kasoro iliyomo ndani ya mali yenyewe". Akasoma, akauliza kama maji ya bahari yakiingia chomboni yanahesabiwa humo. Nikamwambia hayo yametoka nje, yana kifungu chake. Hakuuliza tena.

Tangu hapo naanza na "-mo". "Risks inherent in diving" naandika hatari zilizomo katika kazi ya kuzamia. Ile "in" inayolifuata neno hili kwa Kiingereza imeshamezwa na "-mo", huna haja ya kuihangaikia. Wanaoandika "ya kurithi" wanalichanganya na "inherit", ambalo shina lake la Kilatini ni mrithi. Hili letu latokana na kugandamana, ukoo mmoja na "adhesive".

Kwenye heshima ya binadamu, hata hivyo, sigusi kitu. "Heshima iliyomo ndani ya mtu" inasikika kama shehena.