Vile nilivyochagua saizi ya Optimus Prime wa mpwa wangu

Mtoto wa dada yangu alipotimiza miaka 8 akaniambia, "Mjomba, nataka Optimus Prime, yule anayegeuka lori," yaani lile roboti la kuchezea la Transformers, nami nikamjibu sawa bila kuwaza. Kumbe Optimus Prime huyohuyo yuko wa saizi kibao! Kuna Core wa kama inchi 3 na nusu, kuna Voyager, kuna Leader, na bei inapanda kila ukisogea, na sisi wa Lamu huwezi kumshika mkononi kwanza, unaagiza Mombasa ama Nairobi, mzigo unakuja na basi mpaka Mokowe halafu boti.

Nikasema mi nachukua Leader tu, si ndiye mkubwa. Lakini ile pesa ikaniuma, nikaona nitulie nisome vipimo. Nikatafuta katoni na rula, nikakata vipande kwa urefu wa kila mmoja, nikamwita kijana barazani avishike. Hapo ndo nikashtuka: kipande cha Voyager wa Siege wa 2019 na cha Leader wa Earthrise wa 2020 (Siege na Earthrise ni majina ya matoleo) vilikuwa sawasawa, kila kimoja inchi 7! Nikapima tena, vilevile. Yani hayo majina hayakuambii kimo cha roboti peke yake, unalipia kila kilichomo ndani ya boksi, na kwa huyu wa Earthrise pesa ya juu imeingia kwenye trela, ambayo inafunguka ikawa kituo chake cha vita.

Yule mdogo, Core, alinivutia, anaingia mfuko wa kanzu hata akienda chuoni, lakini mtoto alikishika kile kipande akakirudisha bila neno. Nikaanza kumweleza kwamba hawa wawili kimo ni kimoja, ila mmoja ana trela. Hakungoja nimalize. "Malori ya Mokowe yana trela, mjomba." Kweli, mjini kwetu vichochoro ni vya watu na punda, lori kwake ni lile analoliona tukivuka ng'ambo, limejaa mzigo. Na hata Optimus wa kwanza wa 1984 alikuja na trela yake. Basi nikangoja mwezi mwingine nikaongeza hela.

Alipofika tulimgeuza pamoja siku tatu nne, polepole, maana kiungo kikikataa ukilazimisha utakivunja. Na kitu kingine kwa watu wa pwani: skrubu na pini zake ni za chuma na hii hewa yetu ya chumvi haina huruma, kwa hiyo akitoka naye ufukoni nampangusa kwa kitambaa kikavu kabla hajalala.

Leo asubuhi trela ilikuwa imejaa kokwa za tende, inatoka baraza yetu kwenda ya jirani, na dereva anasema mzigo ni wa Mombasa.