Daraja la Kilifi, kwa Gari na kwa Miguu

Ukitoka Mombasa kwa matatu, Daraja la Kilifi halikupi muda. Umepita Vipingo na mashamba yake ya mkonge, umepita njia panda ya Takaungu, nyumba za Mnarani zimeanza kuonekana na makanga anauliza nani anashuka. Mara miti inakatika pande zote mbili, dirisha linajaa mwanga, chini kuna buluu. Hujawahi kumgusa jirani yako umwonyeshe mashua, miti imerudi na uko mjini. Ni nusu dakika, pengine pungufu. Utoto wangu na ukubwa wangu nimelivuka hivyo, na siku zote niliamini kwamba nalijua.

Wiki hii nimelivuka kwa miguu, na nimeona bora niandike kabla mambo hayajachanganyika kichwani.

Nilikwenda Mnarani kumwona ami yangu, ndugu mdogo wa baba. Umri umemwendea lakini kutembea hajaacha. Asubuhi alikuwa na haja zake mjini: kamba za nyavu, dawa za presha, na rafiki yake mmoja anayeumwa ambaye alitaka kumjulia hali. Nikamwambia tuchukue tuktuk.

"Tuktuk ya nini, mwanangu? Daraja liko hapo. Twende taratibu, tutafika."

Sikumwambia kwamba mimi huogopa mahali pa juu. Nilivaa viatu nikamfuata.

Tulipofika barabarani alinivusha hadi upande wa mashariki, upande wa bahari, akasema mwenda kwa miguu hutembea akiyatazama magari usoni. Hapo ndipo daraja linapoanza, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuna mlima wa kupanda. Madaraja mengi marefu huinuka kwanza, yakakupandisha polepole. La Kilifi hutoka tu kwenye ukingo. Kingo zote mbili za mkono huu wa bahari ni majabali ya matumbawe, yamesimama juu tayari, kwa hiyo barabara inaendelea sawasawa na ardhi ndiyo inayokuondokea. Hatua chache nyuma kulikuwa na majani ya mkwaju karibu na bega langu. Hatua chache mbele, nikitazama chini ya ukingo, naona vilele vya miti. Kisha maji.

Nilishika chuma cha ukingo. Kilikuwa na unyevu wa chumvi, kinanata. Ami alitangulia bila kugeuka, na nadhani alifanya vile makusudi, asinitie haya.

Kwenye gari unalisikia daraja kama mlio tu, ta-ta chini ya magurudumu, basi. Kwa miguu unakutana na mlio huo mahali unapotoka. Ni kiungo cha chuma kilichokata barabara kutoka upande hadi upande, kwa sababu zege likipata jua la mchana hurefuka kidogo, usiku likipoa hufupika, na lisipoachiwa nafasi ya kupumua litapasuka. Niliinama nikatazama. Mchanga ulikuwa umejaza pembe, na mdudu chungu walikuwa wamefanya njia yao juu yake, wanavuka nao. Lori la saruji likapita. Nikasikia nyayo zangu zikitetemeka, zikashuka kidogo, zikarudi.

Nilisimama kabisa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio.

"Ami, linatikisika!"

"Litikisike. Lisilotikisika ndilo la kuogopa."

Baadaye, tukiwa mbele kidogo, alinieleza kwa mikono yake. Alikuwa kijana mkubwa wakati linajengwa, miaka ile ya mwisho ya themanini, na watu wa Mnarani walikuwa wakienda kila jioni kutazama. Wajapani ndio walioshika ile kazi. Anasema kilichowashangaza wazee ni kwamba daraja halikuanza upande mmoja likaja upande wa pili. Walijenga nguzo kwanza, kisha juu ya kila nguzo wakaanza kuongeza zege pande zote mbili kwa pamoja, kipande huku kipande huku, ili uzito usiegemee. Wakati wote huo mikono ile ilining'inia hewani bila kitu chini yake ila maji. Hatimaye mikono ya katikati ikakutana. Ukilitazama daraja kutoka ufuoni bado unaona umbo la kazi ile: tumbo lake ni nene pale linapokalia nguzo, likienda katikati linapungua. Ndani lina uwazi, na nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndizo zinazolibana zege lisilegee. Liliisha mwaka 1991.

Kabla ya hapo palikuwa na feri. Wasomaji wangu vijana wa Kilifi labda mnaijua ile njia ya kale ya feri kama mahali pa kuogelea na kufunga mashua tu. Kwa baba na ami, pale ndipo dunia ilipokuwa ikisimama. Magari ya kwenda Malindi na Lamu yalipanga foleni kwenye mteremko, wakati mwingine saa nzima na zaidi, na palipo na watu wanaongoja pana watu wanaouza. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikaanga korosho usiku, akazifunga katika vikaratasi, asubuhi akashuka na sinia hadi foleni ya feri. Maembe yakiwa mengi aliuza maembe, na madafu kama kuna kijana wa kumkwelea. Kwa sinia lile baba alisoma.

Daraja lilipofunguliwa foleni ilikwisha siku ile ile. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni kama habari ya nyumbani, lakini sikuwahi kulipima. Juzi nikiwa pale juu, magari yakinipita kwa kasi, nililielewa: hakuna gari hata moja linaloweza kusimama hapo kununua korosho. Safari ya kila mtu ilifupika, na mlango wa riziki wa bibi ukafungwa kwa ajili hiyo hiyo. Nilimwuliza ami kama bibi alilichukia daraja.

Alifikiri kabla ya kunijibu. "Alisikitika. Lakini mama yako mdogo alipata uchungu usiku, feri iko ng'ambo, hospitali iko ng'ambo. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mwenye kuuona usiku ule hawezi kulichukia daraja."

Mama mdogo yu hai, na mwanawe pia. Sikujua kisa hicho mpaka siku ile.

Katikati ya daraja upepo wa kaskazi ulikuwa mkali hata buibui langu likajaa kama tanga. Hapo ami alisimama, akaniambia nitazame, na kwa kuwa yeye alikuwa kando yangu nilitazama. Maji yalikuwa yanakupwa. Kutoka juu unaona mambo ambayo mtu aliye ndani ya mashua hayaoni: mkondo una njia yake, mstari wa buluu iliyoiva unaopinda kutoka upande mmoja hadi mwingine, na pembeni mwake rangi zinapauka, kijani, kisha ya maziwa penye mchanga. Kule mlangoni, penye miamba, povu jeupe limejipanga. Nguzoni palikuwa na ukanda mweusi wenye chaza, unaoonyesha maji yalipofika saa chache zilizopita. Ami anasema siku za bamvua, maji yanapojaa sana, ukanda ule wote humezwa, na yanapokupwa huonekana mrefu kuliko watu wawili waliosimamiana. Dau moja lilikuwa linatoka kwenda baharini. Lilipita chini yetu, mlingoti wake na vyote, na bado palibaki nafasi kubwa kati ya ncha ya mlingoti na tumbo la daraja. Nikaona juu ya kichwa cha baharia upara wake mdogo. Hakututazama.

Mkono huu wa bahari zamani ulikuwa bonde la mto. Enzi ambazo bahari ilikuwa chini zaidi kuliko leo, maji kutoka bara yalichimba njia hii kwenye matumbawe. Kisha bahari ikapanda ikaingia bondeni. Ndiyo maana maji yana kina kiasi hiki na kingo ziko wima. Mji wa kale wa Mnarani ulijengwa juu ya ukingo kwa sababu hiyo hiyo, watu wake wakikaa juu na vyombo vyao vikiwa salama chini, tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa ya 17. Magofu yapo bado, na msikiti ule wenye maandishi mengi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe, ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua katika miaka ya 1950. Niliwahi kupelekwa huko na shule, na kitu nilichokumbuka ni mibuyu tu. Nitarudi nikiwa na akili ya mtu mzima.

Sasa niseme kuhusu watu, maana kwa gari huwa siwaoni kabisa. Tulipishana na wanafunzi, na kina mama wenye beseni kichwani waliotembea wima kana kwamba upepo haukuwepo. Alikuja fundi mwenye ngazi begani, ikabidi tujibane ukingoni ili apite, kwa kuwa njia ya waenda kwa miguu haitoshi watu wenye mizigo kupishana. Kila mmoja alisalimia. Msichana mmoja wa shule alimwamkia ami, "Shikamoo babu," ami akaitika, wakaulizana habari za nyumbani, upepo ukiyachukua nusu ya maneno yao. Wote walijuana. Kumbe kwa watu wa Mnarani na Kilifi daraja hili ni mtaa kama mitaa mingine, wenye majirani wa asubuhi na majirani wa jioni.

Mimi naishi Kisauni, Mombasa, nimevuka Daraja la Nyali kwa miguu siku za mgomo wa matatu pamoja na halaiki ya watu, na kule unasukumwa tu, hupati kusimama. Dar es Salaam nimetembea juu ya Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika mwaka 2022, na kule wamemfikiria mwenda kwa miguu: njia ni pana, familia zinatoka jioni kupunga upepo. Naipenda sana Kilifi na natamani nayo iwe hivyo. Barabara ya kutoka Mombasa inapanuliwa, na siku watakapofikiria kuongeza daraja jingine hapa, naomba wamkumbuke fundi mwenye ngazi. Wamkumbuke na ami. Tulipofika robo tatu ya njia alichoka, miguu ilimuuma, akatafuta kwa macho mahali pa kukaa na hapakuwa na mahali. Aliegemea ukingo, magari yakitupita, hadi pumzi ikamrudia. Benchi moja tu, mahali palipotanuliwa kidogo, lingemtosha.

Upande wa pili niliachia chuma bila kujua ni saa ngapi nilikiachia. Viganja vyangu vilikuwa vyekundu vya kutu.

Mjini tulinunua kamba na dawa, tukaenda kumwona mgonjwa, na kurudi tulichukua tuktuk kwa sababu jua lilikuwa limepanda na sikutaka ami achoke tena. Njiani alinielekeza upande wa magharibi, kule maji yanakopanuka kuwa Bahari ya Wali, akasema nimeona nusu tu. Jioni ndege waitwao keremkerem wekundu hurudi kulala kwenye mikoko ya huko, makundi kwa makundi, na mtu akisimama upande ule wa daraja saa kumi na mbili huwaona wakipita. Ni wageni wa msimu. Huja mwezi wa kumi na kufikia wa nne wamekwisha kuondoka, kwa hiyo nimemwahidi nitarudi kabla ya Machi kwisha, tuvuke jioni, kwa upande huo.