Kutoka Mawe Hadi Maji: Nilivyokwenda Magu Kupima Shamba la Babu

Nilipanda Hiace Buzuruga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkononi nina kilo mbili za sukari, kitenge cha shangazi, na bahasha yenye nakala za vitambulisho vya watu wanne. Simu ilikuwa imepigwa Jumapili jioni. Upimaji wa hati za kimila, zile za kumiliki ardhi ya kijiji, umefika kijijini, na Jumatano ni zamu ya kitongoji chetu. "Njoo baba," shangazi aliniambia, "wasije wakapima ukawa umesimuliwa tu." Huniita baba kwa sababu nilirithishwa jina la babu, baba yake, na kila anaponiita hivyo najikuta nakaa wima kidogo.

Kutoka Mwanza mjini hadi Magu ni kama kilometa 60 kwa barabara ya Musoma. Nimeipita njia hii tangu utotoni, lakini safari hii niliitazama kwa jicho jingine, maana nilikuwa nakwenda kusimama kwenye mpaka. Igoma bado ni jiji, Wilaya ya Nyamagana. Ukifika Kisesa umeshaingia Magu, ingawa maduka, bodaboda na vumbi ni vilevile, na abiria hashtuki kwamba amevuka kitu. Baada ya Kisesa, pale inapochepuka njia ya Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, nyumba huanza kuachiana nafasi na ardhi yenyewe huonekana.

Anayetaka kuielewa nchi hii na akae dirisha la kushoto. Juu kabisa kuna mawe, yale makubwa ya mviringo yaliyobebana, ndugu wa mawe yaliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba. Chini ya mawe zipo nyumba na miembe. Chini ya nyumba kuna mashamba ya udongo mwepesi, halafu uwanda wa malisho, halafu weusi wa mbuga, na mwisho kabisa, siku isiyo na ukungu, unang'aa utepe wa maji ya Ghuba ya Speke, ya Ziwa Victoria. Mteremko mmoja, kisha unapanda kidogo, mawe mengine, mteremko mwingine. Ni hivyo hivyo mpaka uchoke kutazama.

Serikali nayo ina migawanyo yake. Wilaya ya Magu ina tarafa za Sanjo, Itumbili, Kahangara na Ndagalu. Ndani ya tarafa kuna kata, ndani ya kata vijiji, ndani ya kijiji vitongoji. Kabla ya hapo palikuwa na watemi, machifu wa Kisukuma, na chini ya mtemi kulikuwa na ng'wanangwa aliyesimamia gunguli, kijiji kwa maana ya zamani. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Hata hivyo, muulize mzee yeyote kwao wapi, atakutajia kwanza jina la utemi, kisha ndipo akumbuke kata.

Tulivuka mto Simiyu maji yakiwa machache, mchanga umejitokeza katikati, ng'ombe wanakunywa pembeni. Wakati wa masika mto huuhuu hupita mwekundu kama chai ya rangi, umebeba udongo wa Bariadi na Maswa kuupeleka ghubani. Tangu mwaka 2012 jina la mto limekuwa pia jina la mkoa. Magu yetu ilikatwa wakati huo: upande wa mashariki ukawa Wilaya ya Busega, ukaenda Mkoa wa Simiyu. Dada mdogo wa shangazi aliolewa upande wa Nassa. Alilala akiwa mtu wa Magu, Mwanza, akaamka mtu wa Busega, Simiyu, makao makuu ya wilaya yake yakiwa Nyashimo. Hakuhamisha hata chungu. Lakini shughuli za ofisi zilibadilika kabisa, na kwa mtu mzima asiye na nauli ya kutosha, hilo si jambo dogo.

Nilishuka kituo cha kwetu nikachukua bodaboda kuelekea ziwani.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka, baba. Wabeja kuja."

Alikuwa ameshaanika michembe juu ya jiwe nyuma ya nyumba, vipande vya viazi vyeupe vikikauka juani. Nilimpa kitenge, akakiweka begani bila kukikunjua. Moyo wake haukuwa kwenye kitenge siku ile.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Babu aliacha shamba refu jembamba, linaloanzia karibu na mawe na kushuka hadi jirani na ziwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, familia ilihamishiwa kwenye safu ya nyumba kando ya barabara, shamba likabaki nyuma likilimwa kwa kutembelewa. Miaka ya themanini walirudi. Shangazi alipoachika na kurudi nyumbani, babu alimkatia sehemu yake mbele ya majirani. Sasa babu hayupo, baba yangu hayupo, na baba mdogo alikuwa amependekeza kwamba kwa ajili ya hati shamba ligawanywe kwa kukata katikati: yeye achukue juu, shangazi achukue chini. Kwa ekari zingekuwa sawa. Mimi mwenyewe, nikiwa mjini, nilipoelezwa kwa simu niliona ni haki. Nusu kwa nusu, nani alalamike?

Jioni ile shangazi alinichukua tukatembea shamba zima, kutoka mawe hadi maji. Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimejua lolote.

Hapa juu, akasema akichota mchanga kwa vidole, ni luseni. Udongo mwepesi, unakunywa maji haraka na kukauka haraka. Muhogo, karanga, viazi. Ukishuka kidogo, ardhi inakuwa ngumu, jembe linagonga kama linagonga sakafu. Hii ni itogolo. Haipendi kulimwa, ila maji hayazami, yanasimama, na ukiinua matuta unapata majaruba ya mpunga. Sehemu nyingine ya itogolo imeachwa ngitili, nyasi zinafungiwa tangu masika ili kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe wagonjwa wapate pa kula. Chini zaidi ni mbuga: udongo mweusi unaonata kwenye miguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua. Pamba, mpunga, na mvua zinapoishia, dengu, ambayo huota kwa unyevu uliobaki tu.

"Mwaka wa El Niño," alisema, akimaanisha mvua za 1997 kuingia 1998, "mbuga yote ilikuwa ziwa. Mpunga ukaoza umesimama. Tulikula nini? Muhogo wa luseni. Halafu ule ukame wa 2006, luseni ikawa majivu. Tukala tulichopata huku chini." Akasimama. "Sasa wanipe chini peke yake, mvua ikizidi niende kwa nani? Na yeye akae juu peke yake, jua likizidi aje kwa nani?"

Hakuwa amemnunia kaka yake. Hilo ndilo lililonigusa. Alikuwa anamwombea naye.

Usiku nilikaa na baba mdogo kwenye kigoda nje, nikamweleza yale niliyoonyeshwa. Alisikiliza, akasema jambo moja tu: mtoto wake anataka kujenga juu, na ukigawanya kwa kushuka, kila mmoja apate kipande cha kutoka juu hadi chini, sehemu ya kujenga inakuwa nyembamba. Ni hoja ya kweli. Sikuwa na jibu, tukalala.

Jumatano asubuhi walifika: mpima kijana kutoka wilayani, mwenyekiti wa kitongoji, wajumbe wa kamati ya uhakiki, na majirani wa pande zote, maana jirani asiposimama kwenye mpaka wake kazi haiendi. Walianza kwa kueleza sheria. Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Ugomvi ukizuka unakwenda kwanza baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, na kati yao wasiopungua watatu ni wanawake. Na mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, sheria hiyohiyo inasema haina nguvu. Mjumbe mmoja mama mtu mzima alilirudia la mwisho kwa Kisukuma, taratibu, huku akiwatazama wanaume mmoja mmoja.

Kisha mpima akauliza: tunakata wapi?

Shangazi hakutoa hotuba. Alisema, "Twendeni." Watu wazima kumi na wawili wakamfuata mteremko mzima. Alionyesha jiwe lililochongoka, akaonyesha kisiki cha mkonge, akaonyesha minyaa mitatu iliyobaki kwenye safu ambayo babu aliipanda, na mahali ambapo minyaa ilikuwa imekufa alionyesha shimo. Jirani wa upande wa magharibi, mzee ambaye kwa miaka mingi hawakuelewana naye juu ya ng'ombe, alipoulizwa alisema, "Anasema kweli. Marehemu alikata kwa kushuka. Nilikuwepo." Mstari wa babu ulikuwepo siku zote, kutoka mawe hadi maji, ni sisi wa mjini tuliokuwa hatuuoni.

Baba mdogo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama upande wa juu unaweza kupinda kidogo ili mwanawe apate kiwanja cha kutosha, na shangazi afidiwe upana huo huku chini kwenye majaruba. Shangazi akakubali palepale. Ilichukua dakika kumi. Familia nyingine huchukua miaka na nauli za mahakamani.

Vipimo vilimtia shangazi simanzi kidogo. Siku zote aliamini ana ekari tatu, maana kila ekari ilihesabiwa kwa hatua 70 kwa 70. Kifaa cha mpima kikasema mbili na nusu na ushei. Mpima alimweleza kwamba inategemea hatua ni za nani. Babu alikuwa mtu mfupi, tunakumbuka wote. Shangazi alifikiri, akasema, "Basi ni zilezile. Hazikuwahi kupungua." Akaendelea kutembea.

Huku chini kwenye maji ndiko kazi ilikokwama. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sawa, lakini ukingo ni upi? Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza mashamba ya mwambao huu, na mwembe wa babu uliokuwa nchi kavu nilipokuwa mtoto sasa ni gogo jeusi limesimama majini, mnandi ametua juu yake akikausha mbawa. Shangazi aliuliza swali ambalo kila mtu wa pwani hii analo: "Mnahesabu kutoka maji ya leo au maji ya ule mwaka?" Mpima aliwatazama wajumbe. Wakajadiliana, wakakubaliana kuanzia pale wenyeji walipoonyesha maji yalifika yalipokuwa juu kabisa, hata kama kwa kufanya hivyo kila mwenye shamba la mwambao anapunguziwa. Hakuna aliyebisha. Walikuwepo wote maji yalipokuja.

Hati zenyewe hazikutoka siku ile. Kuna kuhakiki ramani, kuna kubandika majina ili mwenye pingamizi aseme, kuna saini za mwenyekiti na mtendaji wa kijiji na afisa ardhi wa wilaya, ndipo nakala moja inabaki masjala ya kijiji na nyingine anapewa mwenye shamba. Tulitia saini fomu, shangazi akaweka dole gumba, mpima akafunga kifaa chake na kupanda pikipiki.

Alhamisi kabla sijaondoka, saa moja asubuhi, nilimkuta shangazi ameshakata matawi ya minyaa, yameegemezwa ukutani ili utomvu ukauke, maana ule ukiingia jichoni ni balaa. Nilimwambia mstari umeshaandikwa kwenye mtambo, hautapotea. Alinipa jembe.

Tulianzia kwenye lile shimo la kwanza. Baba mdogo alikuja bila kuitwa, akashika upande wake, na mwanawe akaleta ndoo ya maji. Tulipofika kwenye itogolo jembe likaanza kugonga, tukachimba kwa zamu, na Hiace ya saa nne niliiacha ikapita.