Siku yangu na kipande cha nondo

Saa kumi na mbili asubuhi niko juu ya bodaboda, kutoka Wandegeya kwenda Katwe, hapa Kampala. Jana mzee mmoja mchomeleaji mageti alinipigia simu: "Mwanangu, nimepata nondo yenye nyufa. Njoo uichukue kabla vijana hawajaikata." Nimeikuta ameihifadhi ndani ya gunia. Nyufa ni nyembamba, zimekingama juu ya ngozi yake kama tope lililokauka.

Saa tatu, maabara ya chuo. Naikata nondo polepole huku maji yakimwagika juu ya msumeno, maana ikipata moto muundo wake wa ndani utabadilika na nitakuwa napima kosa langu mwenyewe. Kisha msasa: namba 120, 240, 400, 600, hadi 1200. Kila nikibadili msasa nageuza kipande robo mzunguko, nasugua mpaka mikwaruzo ya msasa uliotangulia ifutike yote. Kazi hii haina njia ya mkato. Mkwaruzo mmoja uliobaki unaweza kuonekana kama ufa, na mimi natafuta nyufa.

Saa tano umeme unakatika. Nasubiri. Unarudi saa sita na nusu, nami nimeshakula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, langoni.

Saa nane kipande kinang'aa kama kioo. Kabla ya kutia tindikali ya kufichua muundo wa ndani nakiweka chini ya hadubini, na moyo unanidunda: kandokando ya ufa kuna uzi mwembamba wenye wekundu. Nadhani ni shaba.

Nondo zetu nyingi hutokana na vyuma chakavu, na ndani ya chakavu hujificha mota na nyaya. Shaba haiondoki tanuruni. Ukipuliza oksijeni, chuma ndicho kinachoungua kwanza, shaba inabaki. Baadaye, donge la chuma likipashwa moto wa karibu 1200°C ili likavutwe kuwa nondo, chuma cha juu hugeuka magamba na shaba hujikusanya chini yake. Shaba huyeyuka kwenye 1085°C, kwa hiyo hupenya katikati ya chembe za chuma, na rola zikibana, ngozi inachanika. Mnunuzi wa nondo hana namna ya kuyaona hayo.

Ndipo natia tindikali ya nitriki, asilimia 2 ndani ya spiriti. Baada ya sekunde chache pete nyeusi inajitokeza ukingoni: ngozi iliyopozwa ghafla kwa maji, ngumu kuliko kiini. Mtengenezaji alijua kazi ya kupoza. Tatizo liliingia mapema zaidi, kwenye lundo la chakavu.

Saa kumi namwonyesha profesa picha. Anaziangalia kimya, kisha: "Rangi si ushahidi. Pima kemia yake." Ni kweli. Nakata kipande cha pili. Shaba ikithibitika, nitarudi kwenye swali lililonileta huku: ni kiasi gani cha chuma kipya, kilichotokana na mawe yenye chuma ya Muko, kusini-magharibi mwa Uganda, kichanganywe na chakavu ili shaba ipungue makali?

Saa mbili usiku nampigia mzee.

"Mzee, zile nondo nyingine za mzigo ule ziko wapi?"

"Jirani amezichukua, mwanangu. Anajenga ghorofa."

Namwomba amwambie asimwage zege. Kesho alfajiri nitakuwa Katwe tena.