Tabo imekufa, na nimeiua mwenyewe

Nimetoka gereji sasa hivi jamani, hata chai haipiti.

Gari yangu ya tabo (turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa nyingi kwenye injini) niliinunua mwaka juzi, nikaongezewa presha ya tabo kwa kompyuta na ekzosi kubwa, basi mlima Kitonga nikawa naupanda mguu chini mwanzo mwisho, nikifika Ilula nazima hapo hapo nashuka kununua nyanya. Wiki hii ikaanza kutoa moshi wa bluu.

Leo fundi kaifungua. Kanishikisha shafti ya tabo, akasema itikise.

Ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Na njia ya oili imejaa masizi magumu, nimekwangua na kucha hayatoki.

Kumbe kile kitu kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na uhai wake ni oili, ukizima injini ikiwa bado ya moto sana oili inasimama na kuungua pale pale kwenye beringi. Dakika mbili tu za kuiacha ingurume taratibu, ndo nilikuwa nainyima gari yangu.

Bado naisikia ile shafti vidoleni. Imeniuma sana.

Wenye tabo, mnamwaga oili kila kilomita ngapi? Na kuna aliyerudisha presha ya kiwandani?