Hana hakupewa kondoo dume

Mahubiri mengi niliyosikia kuhusu kumtolea Mungu unachokipenda yanapanda mlima Moria. Abrahamu anainua kisu, malaika anaita kutoka mbinguni, kondoo dume amenaswa kichakani kwa pembe zake, Isaka anafunguliwa akiwa hai. Naiamini habari hiyo yote. Ila mwaka tuliomrudisha mtoto kwa ndugu zake niliungoja ule mlio wa kichakani mpaka dakika ya mwisho, na haukusikika.

Alikuja kwetu hajaota hata jino moja. Mama yake alikuwa amefariki, ndugu hawajulikani waliko, na watu wa ustawi wa jamii walituomba tumlee mpaka wapatikane. Sharti tulilielewa na tukatia sahihi. Lakini mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika goti lako hakuachii nafasi ya kukumbuka masharti.

Kisha shangazi akapatikana, dada wa baba yake. Hakuwa amemtupa mtoto. Hakujua tu kama yupo, na alipojua alimtaka siku hiyohiyo. Ningepata mtu wa kumlaumu ingekuwa nafuu.

Kanisani walinifariji kadiri walivyojua. Mmoja aliniambia, "Mtoe Isaka wako, dada, Mungu atakurudishia." Mwingine akasema Mungu atanipa mwingine. Nikaitikia amina kwa adabu. Hana mwenyewe, yule mama wa Biblia aliyemlilia Mungu apate mtoto kisha akamtoa Samweli akiwa mdogo amtumikie Bwana, alizaa baadaye wana watatu na binti wawili, na bado Biblia inamwonyesha kila mwaka akipanda kwenda alikokuwa Samweli. Mume wangu hakusema lolote. Jioni alikuwa akikaza skrubu za kitanda kidogo ambazo hazikuwa zimelegea.

Mimi niliomba bila kuzunguka: Bwana, acha akae. Sikuona aibu kuomba hivyo, maana hata Yesu kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, tena akarudia maneno yaleyale. Jibu nililopata ni tarehe ya kuja kumchukua.

Katika usiku wa siku zile ndipo nilipomsoma Hana upya. Wengi tunamjua yule anayelia hekaluni hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Tunasoma machozi yake, tunasoma wimbo wake, na katikati tunaruka nyumba aliyomwacha mtoto. Eli ni mzee, macho yake yako karibu kufifia. Wanawe, Hofni na Finehasi, ni makuhani wasiomjua Bwana. Mtumishi wao huchota nyama ya sadaka chunguni kwa uma wa meno matatu, na kabla mafuta hayajateketezwa hudai nyama mbichi, asipopewa ataichukua kwa nguvu. Hapo ndipo Hana alipomfikisha mtoto aliyetoka tu kumwachisha ziwa. Kama alikuwa anategemea uadilifu wa nyumba ya Eli, angegeukia mlangoni akarudi naye nyumbani.

Nililia niliposoma hayo, maana tulikuwa tumekwisha kwenda kuiona nyumba ya shangazi. Safi, ya watu wa kawaida, na mume ambaye alijibu maswali yetu kwa neno mojamoja huku anatazama ukuta. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikimpima mtu huyo kichwani, nikitafuta atakapofika kiwango cha kukabidhiwa. Hana hakumpima Eli. Alikwisha kumkabidhi mtoto kwa Bwana kabla hajafunga safari, na Eli akampokea tu.

Siku yenyewe shangazi alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyekuja kudai chake, nikamkuta ananiogopa.

"Dada," aliniuliza, "huwa analala saa ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na mengine: kwamba mlango usifungwe wote usiku, kwamba akikohoa alazwe ubavu, kwamba wimbo anaoupenda ni ule wa watoto wa Jumapili lakini ubeti wa pili tu. Aliandika yote nyuma ya bahasha, hata la ubeti. Mchungaji aliposema tuombe, nilimwomba shangazi ampakate yeye. Mtoto alilia mara moja na kuninyoshea mikono. Sikumpokea. Mchungaji aliomba kwa sauti ya juu kidogo ili asikike, na mimi nikashika ukingo wa meza.

Watu hushuhudia kwamba wakiachilia, amani huwafunika papo hapo. Mimi haikunijia. Hana aliomba kwa kuimba palepale. Mimi Jumapili nyingi zilizofuata niliketi viti vya nyuma, kinywa kimefumba, wengine wakiimba. Bado nilikuwa namwamini Mungu, na sikuwa na raha, na vyote viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja.

Mwaka uliofuata nilimshonea gauni, kwa kukisia, kama Hana alivyomshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka. Shangazi akapiga simu kunishukuru na kusema limembana mabegani. Siku hizi hunitumia vipimo. Mumewe bado hujibu kwa neno mojamoja. Namwombea kila siku kwa jina, na katika orodha yangu ya maombi yeye ndiye anayechukua muda mrefu kuliko wote.